Si kila tumbo kujaa ni gesi: Ijue saratani ya ovari na hatari zake

Mwanamke akisema tumbo linamjaa, majibu huwa tayari kabla hajamaliza kusema. Wa kwanza atamwambia ni gesi, aache maharagwe na kabichi. Wa pili atasema ni vidonda vya tumbo, anunue dawa kwenye duka la mtaani. Wa tatu atasema ni mchango, na kuna mama fulani anayejua kuukanda. Akiwa amepita miaka hamsini, ataambiwa ni umri. Akiwa bado kijana, ataulizwa kama hana mimba.

Mara nyingi mmoja kati yao huwa amepata. Tumbo hujaa kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo ni nyepesi. Ila kuna ugonjwa mmoja ambao dalili zake ni hizo hizo za tumbo, nao huachwa kwa miezi ukitibiwa kwa majina ya magonjwa mengine. Ugonjwa huo ni saratani ya ovari.

Kwa miaka mingi umeitwa ugonjwa usio na dalili. Jina hilo halikuutendea haki. Dalili zipo, lakini hujitokeza mahali ambapo wengi hatuzitafuti. Na mpaka leo hakuna kipimo kinachoweza kuutafuta mapema kwa mwanamke asiyeumwa, kama kilivyopo cha saratani ya mlango wa kizazi. Kwa hiyo kinga kubwa aliyo nayo mwanamke ni mambo mawili: kulijua tumbo lake mwenyewe, na kuijua historia ya ukoo wake.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilikadiria kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao 324,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani hii, na wapatao 207,000 walifariki kwayo. Hapa Kenya saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi huwapata wanawake wengi zaidi. Lakini ukitazama tarakimu hizo mbili utaona shida ya ovari iko wapi: vifo viko karibu sana na idadi ya wanaougua, na sababu kubwa ni kuchelewa.

Ovari ni nini

Ovari ni viungo viwili vidogo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa lozi hivi, vilivyo chini ya kitovu, kimoja kila upande wa mji wa mimba. Ndivyo vinavyohifadhi mayai ya mwanamke na kulitoa moja kila mwezi, na ndivyo vinavyotengeneza homoni za estrojeni na projesteroni zinazoendesha hedhi. Karibu na kila ovari kuna mdomo wa mrija wa uzazi, wenye ncha kama vidole, unaolipokea yai na kulipeleka kwenye mji wa mimba.

Saratani huanza pale seli za mwili zinapoharibika na kuanza kuzaana bila mpango, zikakataa kufa kama seli nyingine zinavyokufa kwa wakati wake. Karibu tisa kati ya kila saratani kumi za ovari huanzia kwenye seli za utando wa juu. Wataalamu sasa wanaamini kwamba nyingi kati ya hizo, hasa ile aina kali inayowapata wengi zaidi, huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, kisha hudondokea kwenye ovari na kukulia hapo. Aina nyingine huanzia kwenye seli za mayai yenyewe, nayo huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Ya tatu, ambayo ni nadra, huanzia kwenye seli zinazotengeneza homoni.

Ovari haikubanwa na mfupa wala nyama. Inaning'inia katika nafasi iliyo wazi ndani ya tumbo, ikizungukwa na utumbo na kibofu. Uvimbe una mahali pa kukulia bila kumgusa mtu kwa maumivu makali. Seli zake zikibanduka, huelea ndani ya tumbo na kujishikiza kwenye utumbo, kwenye utando wa tumbo au karibu na ini. Hapo ndipo maji huanza kujaa tumboni, na hapo ndipo wengi hufika hospitali.

Dalili nne za kuzingatia

Madaktari wanataja dalili nne ambazo wanawake wengi wenye ugonjwa huu walikuwa nazo kabla hawajagunduliwa:

1. Tumbo kujaa au kuvimba, na halirudi hali yake.
2. Maumivu ya tumbo, au chini ya kitovu na nyongani.
3. Kushiba upesi au kukosa hamu ya kula. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani yake ya wali sasa anakula vijiko vitatu, basi.
4. Kwenda haja ndogo mara kwa mara, au kubanwa na mkojo ghafla, bila kuwa na maambukizi ya mkojo.

Kuna nyingine zinazoweza kuandamana na hizo: uchovu usioisha, kufunga choo, maumivu ya mgongo, kuumia wakati wa tendo la ndoa, na kukonda mwilini huku tumbo likizidi. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kabisa haipaswi kusubiriwa hata wiki moja, iwe nyingi au tone.

Mtu atauliza: ni nani ambaye hajawahi kujaa tumbo? Kweli, hakuna. Kinachotofautisha ni mwenendo wa dalili. Jiulize maswali matatu. Je, ni jambo jipya kwako, lililoanza ndani ya mwaka huu? Je, linarudi mara nyingi, zaidi ya siku 12 katika mwezi? Je, linaendelea au linazidi, badala ya kuja na kuondoka na chakula au na hedhi? Ukijibu ndiyo, nenda ukapimwe, na usikubali kupewa dawa ya gesi peke yake. Na mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye kwa mara ya kwanza maishani anaambiwa ana tumbo linalomsumbua kwa gesi na kufunga choo, aombe ovari zitazamwe kabla ya kuridhika na jibu hilo.

Mavazi yetu ya Pwani pia yana jambo la kuzingatiwa. Dera na buibui ni nguo pana. Tumbo linaweza kuongezeka miezi mitatu bila jirani kuona. Mwenye kuona ni wewe mwenyewe. Ukiona leso uliyokuwa ukiifunga vizuri sasa haizunguki kiuno, na hujanenepa mikono wala uso, usilipuuze.

Mwanasayansi Mwingereza Rosalind Franklin, ambaye picha zake za mionzi zilisaidia kugundua umbo la DNA mwaka 1953, aliona dalili hiyo hiyo. Mwaka 1956 akiwa safarini Marekani, sketi zake zilianza kumbana kiunoni kwa sababu tumbo lilikuwa linavimba. Aliporudi London alipasuliwa na kukutwa na uvimbe. Alifariki Aprili 1958 akiwa na miaka 37.

Kwa nini hugunduliwa kwa kuchelewa

Sababu ya kwanza ni hiyo ya dalili kufanana na magonjwa ya kawaida. Ya pili ni kwamba hakuna kipimo cha jumla cha kuwapima wanawake wasio na dalili. Si kwamba hakikutafutwa. Uingereza ilifanya utafiti mkubwa uliowaandikisha wanawake zaidi ya 200,000 kuanzia mwaka 2001. Baadhi walipimwa damu kila mwaka, baadhi walipigwa picha ya altrasaundi, na wengine hawakupimwa. Majibu ya mwisho yalipotolewa mwaka 2021, ilionekana kwamba kupimwa huko hakukupunguza vifo. Ndiyo maana madaktari hawamwambii kila mwanamke aje apimwe ovari kila mwaka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Kipimo cha mlango wa kizazi, kinachotolewa katika vituo vingi vya afya, ni kizuri na kila mwanamke anayestahili akifanye. Lakini hakitazami ovari. Mwanamke anaweza kupewa majibu safi ya mlango wa kizazi leo, na ovari yake ikawa na uvimbe. Vivyo hivyo chanjo ya HPV, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019, inakinga saratani ya mlango wa kizazi. Haikingi ya ovari. Na mwanamke aliyetolewa kizazi asidhani ameepukana na yote, kwani mara nyingi madaktari hutoa mji wa mimba na kuziacha ovari mahali pake. Aulize alichotolewa hasa.

Sababu ya tatu ni haya. Mambo ya chini ya kitovu hayasemwi mbele ya watu, na wengine hawayasemi hata kwa daktari, hasa akiwa mwanamume. Mwanamke ana haki ya kuomba ahudumiwe na daktari au muuguzi wa kike, au awepo mwanamke mwingine chumbani. Aombe hivyo, lakini asirudi nyumbani bila kupimwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Nani yuko hatarini zaidi

Kila mwenye ovari anaweza kupata saratani hii, lakini hatari haiko sawa kwa wote.

Umri. Wengi hugunduliwa baada ya hedhi kukoma. Hatari huongezeka kadiri miaka inavyosonga.

Ukoo. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote baada ya umri. Kuna jeni mbili zinazoitwa BRCA1 na BRCA2, ambazo kila mtu anazo, mwanamume na mwanamke. Kazi yake ni kukarabati seli zinapoharibika. Mtu akizaliwa na moja iliyo na kasoro, ukarabati huo unalegea. Mtaalamu Mmarekani Mary-Claire King ndiye aliyeonyesha mwaka 1990 mahali jeni ya kwanza ilipo.

Kwa takwimu za Marekani, kati ya wanawake 100 wa kawaida, takriban mmoja hupata saratani ya ovari katika maisha yake. Kati ya wenye kasoro ya BRCA1, ni 39 hadi 58. Kati ya wenye kasoro ya BRCA2, ni 13 hadi 29. Kasoro hizo hizo huongeza sana hatari ya saratani ya matiti. Kuna pia kasoro nyingine ya kurithi, inayoitwa Lynch, ambayo huleta saratani za utumbo mpana, kizazi na ovari katika ukoo mmoja.

Watu wengi hudhani urithi huu hutoka kwa mama tu. Hapana. Kasoro hupita kwa baba pia, na kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi. Kwa hiyo unapouliza habari za ukoo, usiishie kwa mama, bibi na mama mdogo. Uliza pia habari za shangazi na mama mzaa baba. Uliza kama yupo mwanamume wa ukoo aliyepata saratani ya matiti, ya kongosho, au ya tezi dume akiwa bado hajazeeka. Shida yetu ni kwamba marehemu wengi walizikwa na neno moja tu, "aliugua tumbo". Wazee waliobaki ndio maktaba yetu. Wakiulizwa kwa adabu wakumbuke tumbo lilikuwaje, lilivimba au la, kuna la kujifunza.

Mfano unaojulikana duniani ni wa mcheza filamu Angelina Jolie. Mama yake alifariki mwaka 2007 akiwa na miaka 56, baada ya kuugua saratani. Jolie alipopimwa alikutwa na kasoro ya BRCA1. Mwaka 2013 alitangaza kwamba ametolewa matiti kama kinga, na mwaka 2015 akatangaza kwamba ametolewa ovari na mirija. Si kila mwanamke atachagua njia hiyo, na si kila mwanamke anaihitaji. Lakini kwa wenye kasoro hizo waliomaliza kuzaa, ndiyo kinga yenye nguvu zaidi inayojulikana. Madaktari huishauri kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, na kati ya 40 na 45 kwa BRCA2. Kipimo cha jeni bado si cha bei ya kila mtu, kwa hiyo anza na kile kisicho na gharama: kuulizana nyumbani.

Mambo mengine. Hatari huongezeka kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa, mwenye unene uliopita kiasi, na mwenye endometriosisi, yaani hali ambapo utando unaofanana na ule wa ndani ya kizazi huota nje yake na kuleta maumivu makali ya hedhi. Wanaotumia homoni za kupunguza adha za kukoma hedhi wana hatari iliyoongezeka kidogo. Sigara huongeza aina mojawapo. Asbestosi, ile ya paa za zamani, nayo imethibitishwa kuwa ni kisababishi.

Yote haya ni hatari tu, hayamaanishi mtu ameandikiwa ugonjwa. Wapo walio nayo yote wasiougue, na wapo wasio na hata moja wakaugua. Na mwanamke asiyejaliwa mtoto asitumie orodha hii kujilaumu, wala wifi asiitumie kumsema.

Yanayopunguza hatari

Kila kinachozipumzisha ovari na kazi ya kutoa yai kila mwezi huelekea kupunguza hatari. Kubeba mimba hupunguza. Kunyonyesha hupunguza, na kadiri mama anavyonyonyesha kwa muda mrefu ndivyo faida inavyoongezeka. Vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo mitaani husemwa vibaya kwamba vinaleta saratani ya kizazi na ya kila kitu, kwa upande wa ovari vina sifa ya kinyume: mwanamke aliyevitumia miaka mitano au zaidi ana hatari iliyopungua karibu nusu, na kinga hiyo hubaki miaka mingi baada ya kuviacha. Hata hivyo vidonge hivyo huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, na havimfai mwenye shinikizo la damu au aliyewahi kuganda damu. Kwa hiyo asivianze mtu kwa kusoma makala. Azungumze na mhudumu wa afya.

Kufungwa mirija ya uzazi pia hupunguza hatari. Kwa kuwa sasa inajulikana kwamba saratani nyingi huanzia kwenye mirija, madaktari katika nchi kadhaa humuuliza mwanamke aliyemaliza kuzaa, anapofanyiwa upasuaji mwingine wa tumbo, kama angependa mirija itolewe kabisa.

Yanayosemwa mitaani

Je, poda inaleta saratani ya ovari? Mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka talki, madini yanayotumika katika baadhi ya poda, katika kundi la vitu ambavyo yamkini vinaleta saratani. Ushahidi kwa wanadamu haujakamilika. Lakini sehemu za siri hazihitaji poda, na mwenye kuacha kuipaka huko hapotezi kitu.

Je, inaambukiza? Hapana. Haitoki kwa mume, haipiti kwenye choo wala kwenye nguo, na haina uhusiano na mtu kuwa na tabia mbaya.

Je, kila uvimbe kwenye ovari ni saratani? Hapana tena. Uvimbe mwingi wa maji unaoonekana kwenye altrasaundi za wanawake wanaopata hedhi huisha wenyewe baada ya miezi michache. Daktari akisema tuurudie kuutazama, rudi siku aliyokupa.

Je, ni husda au uchawi? Imani ya mtu ni yake, na dua haina mgogoro na hospitali. Mgonjwa asomewe, anywe kombe akipenda, lakini apimwe wiki hiyo hiyo. Kinachoua ni ile miezi sita ya kwenda kwa huyu na yule huku tumbo likijaa maji. Na tumbo lenye uvimbe usiojulikana lisikandwe kwa nguvu. Uvimbe wa ovari unaweza kujinyonga au kupasuka.

Msichana mwenye tumbo kubwa

Hili linahitaji kutajwa peke yake. Ile aina inayoanzia kwenye seli za mayai inaweza kumpata msichana wa shule. Tumbo linakua haraka, kwa wiki chache, na jambo la kwanza linalosemwa nyumbani ni mimba. Msichana anapigwa, anafichwa, pengine anatafutiwa mume. Baadhi ya uvimbe wa aina hii hutoa homoni ile ile ya ujauzito, kiasi kwamba hata kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mimba isiyokuwapo.

Mama, kabla hujamhukumu binti yako, mpeleke akapigwe altrasaundi. Ni picha ya dakika chache, haiumizi, na itaonyesha kama kuna mtoto au kuna uvimbe. Aina hii ikitibiwa mapema ni kati ya saratani zinazopona vizuri sana kwa dawa, na mara nyingi daktari anaweza kutoa ovari moja tu, na binti akaja kuzaa baadaye.

Vipimo na matibabu

Ukifika hospitali na dalili hizi, daktari atalishika tumbo, atapima sehemu ya ndani, kisha aagize altrasaundi ya chini ya kitovu. Anaweza kuagiza kipimo cha damu kinachoitwa CA-125. Hiki ni msaada, si hakimu. Hupanda pia kwa sababu ya fibroidi, hedhi, mimba, ugonjwa wa ini, au kifua kikuu cha tumboni. Na katika karibu nusu ya saratani za ovari zilizo changa, hakipandi kabisa. Baada ya hapo huja picha ya CT skani kuona kama ugonjwa umesambaa. Uhakika kamili hupatikana maabara inapotazama nyama au maji yaliyotolewa tumboni.

Ugonjwa hupangwa kwa hatua nne. Ya kwanza uko ndani ya ovari tu. Ya pili umegusa viungo vya nyongani. Ya tatu umeenea ndani ya tumbo. Ya nne umefika mbali, kama ndani ya ini au kwenye mapafu. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba ukigunduliwa ungali ndani ya ovari, zaidi ya wanawake 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baadaye. Ukiwa umefika mbali, ni kama 30. Na ni karibu mmoja tu kati ya watano anayegunduliwa mapema.

Matibabu makuu ni upasuaji na dawa. Daktari hujaribu kutoa uvimbe wote unaoonekana, na kiasi kinachobaki nyuma kina maana kubwa kwa uhai wa mgonjwa. Kwa sababu hiyo, uliza kama kuna daktari bingwa wa saratani za uzazi anayeweza kuifanya kazi hiyo au kuisimamia. Dawa zinazotumika zaidi ni karboplatini na paklitakseli, kwa njia ya mshipa, kila baada ya wiki tatu. Nywele hunyonyoka na mwili huchoka, lakini nywele huota tena. Tangu mwaka 2014 kuna pia vidonge vipya kama olaparibu, vinavyowafaa zaidi wenye kasoro ya BRCA, ingawa bei yake ni kubwa.

Ukifanyiwa upasuaji wa uvimbe wowote wa ovari, hata katika hospitali ndogo, uliza swali hili: nyama iliyotolewa imepelekwa maabara? Majibu yatatoka lini? Yaandike na uyafuate. Wapo wanaoambiwa uvimbe umetoka, wakarudi nyumbani kwa furaha, na kumbe hakuna aliyeupima.

Kwa wakaazi wa Pwani, rufaa kubwa ya umma ni Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani mjini Mombasa, ambayo ina kituo cha saratani. Safari kutoka Lamu, Hola au Lunga Lunga ni ndefu na ina nauli, kwa hiyo ukipewa rufaa, omba barua, chukua picha na majibu yote ya awali, na uende nayo mkononi usije ukalipia vipimo mara mbili.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inagharamia matibabu ya saratani hadi kiwango kilichowekwa kwa kila familia kwa mwaka. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Wasio na ajira rasmi hupimwa uwezo wao kisha hulipa mchango wa mwaka, kwa kima cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi. Familia nyingi huanza kuhangaika na usajili mgonjwa akiwa tayari kitandani. Fanyeni sasa, wote mkiwa wazima.

Cha kufanya wiki hii

Kama una dalili, chukua daftari au simu. Kila siku andika kama tumbo limejaa, limeuma, umeshiba upesi, au umeenda haja ndogo kupita kawaida yako. Endelea hadi wiki nne, ila kama tumbo linavimba waziwazi usisubiri hata siku. Ukifika kwa daktari mwonyeshe, na umwambie wazi: "Dalili hizi ni mpya, nimezipata siku kadhaa mwezi huu, na nina wasiwasi na ovari zangu. Naomba altrasaundi." Mtaje na jamaa yeyote aliyeugua saratani ya matiti, ovari au utumbo mpana. Ukipewa dawa na hali ikabaki vile vile baada ya wiki mbili au tatu, rudi. Asipokusikiliza, nenda kwa mwingine.

Kama huna dalili, kaa na wazee wa pande zote mbili uwaulize nani aliugua nini. Waume nao wana sehemu yao: mke akisema tumbo halimwachi, nauli ya kwenda hospitali isisubiri mwisho wa mwezi.

Tarehe 8 Mei kila mwaka ni Siku ya Saratani ya Ovari Duniani. Huku kwetu hupita kimya. Lakini mazungumzo haya hayahitaji siku maalumu. Kwenye chama cha akina mama, kwenye darsa, wakati wa kupaka hina, mahali popote wanawake wanapokaa peke yao, mtu mmoja akiwatajia wenzake dalili nne tu, atakuwa amewafundisha jambo ambalo hakuna mashine itakayowafanyia.